Risasi za Wavu Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeshona tangu asubuhi. Vidole havina nguvu tena. Wavu umekwisha, na safari hii ni wangu, si wa mtu aliyeniletea nimshonee. Mwezi ni mkubwa, ndakala, dagaa wetu, hawafuati taa, mitumbwi yote imelala ufukweni. Papa Kabeya, kapiteni wa mtumbwi, amesema wazi: Jumatatu ijayo giza linarudi. Kamba ya chini ikiwa haina risasi za kuizamisha, atachukua wavu wa mtu mwingine. Risasi za Kigoma zimekwisha sokoni. Basi nitayeyusha mwenyewe. Sijawahi. Naona raha tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata vipande vya bomba kuukuu la maji, la madini ya risasi. Vizito ajabu, mfuko umekatika njiani. Nimechukua sufuria ndogo ya Mama. Mama yangu anakaa kwangu tangu atoke Mpala, na sufuria alikuja nayo. Nimemwambia haitapika bukari wala chakula chochote tena, risasi ni sumu. Amenuna.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimechonga mifereji kwenye tofali la kuchoma, upana wa kidole. Ukimimina risasi, vinatoka vipande bapa vya kukunjia kwenye kamba kwa nyundo. Mbabula, jiko letu la makaa, nimeiweka nje, moshi uende ziwani. Makala yakawaka, bomba likakaa tu, likakaa, kisha likalegea lote mara moja, linang'aa. Nimepiga kelele peke yangu. Vipande vya kwanza vibaya, vina mikunjo. Tofali lilikuwa baridi. Nimevirudisha sufuriani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Tofali moto, vipande vizuri. Najisikia fundi. Nimejisifu kwa jirani mpaka akachoka, akaingia ndani kwake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leo nimeogopa. Nimemimina, tofali likalia, risasi ikaruka juu. Tone mkononi. Kitenge kimetoboka. Tofali vipande viwili, ndani lina unyevu. Mvua haijanyesha, nikashindwa kuelewa maji yametoka wapi. Mama akatoka na kichupa chake.

«Nilinyunyiza tu maji ya baraka, juu kazi yako iende muzuri.»

Nimesema maneno ambayo mtu hamwambii mamaye. Kisha nikaona anakificha kichupa nyuma yake, kama mtoto. Nikaomba msamaha. Akauliza kama baraka imeingia hata hivyo. Tumecheka mpaka tumekaa chini. Lakini tofali sina, na nusu ya kamba iko wazi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tofali jipya. Nimelikausha kando ya moto. Mama amelilinda, hata kuku hawakulisogelea. Tumekubaliana: anabariki kwa mdomo, na kwa mbali. Mkono unauma. Amenipokonya nyundo, anakunja risasi kwenye kamba kunishinda. Sijui alikuwa anaficha wapi nguvu hizo.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa tumepeleka wavu majini. Papa Kabeya ameingia mpaka kifuani, akavuta. Upande mmoja umezama vizuri. Wa pili ukaelea. Upande wangu wa Alhamisi, niliubania risasi nikidhani hazitatosha. Watu wa wavu ule mwingine walikuwa wanaangalia. Aibu.

«Bado kesho, Mama Sifa.» Papa Kabeya akanirudishia wavu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeyeyusha mabaki yote, hata matone yaliyomwagika mchangani. Mama kapiga nyundo, mimi nimemimina. Jioni Papa Kabeya amejaribu tena, pande zote zikashuka pamoja. Wameupakia. Wavu ukirudi mtupu, sitapata kapiteni mwingine.

Jumanne, 14 Oktoba
Mtumbwi umerudi asubuhi. Ndakala wapo, si wengi, si haba. Wamegawa mafungu mchangani: la mtumbwi, la wavuvi, la mwenye wavu. Nilikuwa nimesimama kwa washonaji na sahani yangu ndogo ya kupewa ndakala wa mboga tu, kwa mazoea. Papa Kabeya akanitafuta kwa macho.

«Mama Sifa, fungu ya wavu tuiweke wapi?»

Nimerudi nyumbani kuchukua beseni.