Mikaratusi ya Kwenye Chemchemi

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Nyololo tu wazima, ila baridi imetukamata. Baba yako mdogo amerudi kutoka Ubaruku na mchele mzuri, wako nimekuwekea.

Umeniuliza utawafundishaje watoto wa Uyole mabadiliko ya tabianchi. Mimi neno hilo sikulisoma. Ila miaka ya sabini mwalimu wetu alitupeleka kwenye chemchemi ya kijiji, tukaizungushia mikaratusi ili tuitunze. Miti ikarefuka upesi, tukajisifu. Nilipofika darasa la sita, maji tulikuwa tunayakinga kwa kikombe.

Mwalimu akaturudisha pale. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na viatu. Akavivua, akasimama pale tulipozoea kuchota maji, miguu ikatoka mikavu.

"Wanangu, miti hii inakunywa kuliko ng'ombe. Niliwafundisha vibaya."

Akashika shoka, sisi majembe. Tukaing'oa yote, tukapanda mivengi, miti yetu ya asili inayotunza maji, ambayo wazee hawakuikata kamwe kwenye chemchemi.

Mwalimu kukiri kosa mbele ya watoto! Mpaka leo namvulia kofia.

Watoe nje, mama, wakanyage wenyewe. Chai ninayokunywa nikikuandikia, maji yake nimeyachota pale pale.

Bibi yako