Kifua cha Baba, Kifua cha Mama

Jumamosi, Githongo. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na leo nyasi za ng'ombe nimekata mimi. Mgongo unaniuma vibaya.

Mama amelazwa Meru tangu Alhamisi. Moyo.

Nimeikumbuka sana njia ya mtoni. Tulipokuwa wadogo tulimfuata Mama akipanda mteremko na mzigo wa nyasi za nepia za ng'ombe, mkanda kwenye paji la uso, tusione chochote ila miguu yake. Huku anaimba nyimbo za kanisa, kila wimbo ubeti wa kwanza tu, maana beti nyingine hazijui. Tulimcheka sana. Natamani nirudi kule hata kwa asubuhi moja.

Mwaka jana Baba alishikwa na kifua. Muuguzi wa zahanati akampigia daktari wa mjini kwa video. Baba akasema kifua kimebanwa na uchungu unapanda hadi kwenye taya. Daktari hakungoja: atafune aspirini, atafutiwe gari, aje sasa hivi. Akapona. Tuliisifu simu ile kila tulipokaa.

Alhamisi ikawa zamu ya Mama. Muuguzi yuleyule, daktari yuleyule. Mama akasema kifua kimebanwa, taya linauma. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote hii.

"Mama, unabeba mzigo?" daktari akauliza.

"Nabeba nyasi ya ng'ombe, daktari."

Basi, ikawa misuli. Achuliwe kwa dawa, apumzike. Nikamwomba daktari amuulize tena, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Baba hakuulizwa habari za mzigo. Angejibu nini? Tangu nimjue, Baba hubeba gazeti.

Mama alishaanza kufunga leso arudi nyumbani. Mama yangu huyo, ukimwambia haumwi, anashukuru.

Ndipo Baba akainuka pale kwenye benchi, akaichukua simu. "Daktari, ngoja kidogo. Hii maneno ya taya ndiyo ilifanya unipeleke hospitali mimi. Huyu amekuambia hivyo hivyo, na unamrudisha nyumbani?"

Kisha daktari akasema gari litafutwe.

Nimelia kwa shukrani, nikalia kwa hasira pia. Baba hakuongeza neno hata moja. Alirudia maneno ya Mama tu.

Leo mchana Mama amenipigia kutoka wodini. Sauti imekuwa ndogo, lakini anauliza kama ng'ombe wamekula, na kama Baba amepika au ameshindia chai. Madaktari wanasema atapona, ila nyasi asibebe tena. Hilo bado hajalikubali.

Likizo ikiisha nitarudi Embu, kwenye nyumba ninayoishi peke yangu. Siku kifua kikinibana mimi, nitamweleza daktari ninavyohisi, tena vizuri, maana kueleza ndiyo kazi yangu, mimi ni mwalimu.

Halafu nani ataichukua simu ayarudie maneno yangu?