Kuhesabu Kwangu na Miguu ya Garrett

Nyumba Na. 18, Mtaa wa Chestnut,
Kestrel Run, Pennsylvania.
Tarehe 4 Novemba.

Mpendwa Mjomba Emil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Kodiak bado haijaanza kukuuma vidole unapofungua injini za hizo boti. Mama anauliza kama unazivaa zile soksi za sufu alizokutumia au umewagawia wenzako. Anasema ujibu ukweli. Sisi huku hatujambo. Goti la Bibi linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Baba yupo vilevile, karakana ya reli, zamu ya asubuhi.

Samaki wako wa moshi walifika salama na tunashukuru sana. Mdogo wangu Garrett alikula nusu yao akiwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi, kabla hata hatujasoma kadi uliyoweka ndani.

Mimi nilimaliza shule mwezi wa Juni, kama ulivyosikia. Sijaamua nisome nini, kwa hiyo kwa sasa nauza mikate dukani kwa Bi. Dvorsky. Nimeanza kuweza kuwaambia wateja "karibu" bila kuangalia sakafu. Jioni naendelea kuipiga video timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, kwa sababu Kocha Bellotti anasema hajapata mwingine wa kupanda ule mnara wa chuma pembeni ya uwanja. Unanijua, Mjomba. Nami nilikubali upesi, maana kule juu hakuna anayekuuliza kitu.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliuliza Garrett anaendeleaje na mpira. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mpaka Jumamosi iliyopita sikuwa na jibu, na kwa sababu jibu lenyewe linakuhusu na wewe. Usishtuke.

Mwezi wa Agosti Garrett alipewa nafasi ya kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu, akiwa na miaka kumi na sita tu. Hatukulala vizuri nyumba nzima kwa furaha. Mkono wake unaujua. Anaweza kurusha mpira kutoka geti letu ukatua kwenye bustani ya akina Sloan, mtaa wa pili. Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba mkono ni nusu tu ya kazi. Mpira ukishafika kwake, wale watano wanene wa mbele humjengea ngome, naye anatakiwa akae ndani yake atulie, macho mbali, mpaka mtu wake mmoja apate upenyo. Garrett hakukaa. Kila mara alichomoka akakimbilia pembeni, ngome ikabaki imesimama imara ikilinda nyasi. Huko pembeni alikuwa peke yake, na walimwangusha kama gunia la viazi. Mechi tatu za kwanza aliangushwa mara kumi na tisa. Tulipoteza zote.

Watu wa jukwaani hawana huruma, Mjomba. Bwana mmoja nyuma yetu alikuwa akipiga kelele, "Dogo, nani anakufukuza? Mkeo?" Bibi akageuka akamwambia, "Wako ndiye angekufukuza, angekuwa na akili." Lakini hata yeye alikuwa amekunja uso.

Kocha alimwita Garrett akamwambia waziwazi. Kwanza, kwamba anampenda. Pili, kwamba hawezi kuendelea kumtazama akivunjwa mbavu. Alimpa mpaka mechi ya Marlow, tarehe mosi Novemba. Kama mpaka siku hiyo hajajifunza kukaa, nafasi ingeenda kwa Trent Kessler, kijana wa mwaka wa mwisho ambaye mkono wake ni wa kawaida ila hababaiki, na Garrett angepelekwa kukimbia pembeni pamoja na binamu Rusty na wadakaji wengine. Alirudi nyumbani akaiacha sahani yake nusu. Kwa Garrett nafasi hiyo ni kubwa kuliko chakula. Tangu umpe ule mpira wa kwanza alipokuwa na miaka sita, hajawahi kutaka kuwa kitu kingine.

Jumapili moja baada ya ibada nilikaa na video zote sebuleni, nikachukua saa ya kupimia ambayo Bibi huitumia kuchemshia mayai. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kujua anashikilia mpira kwa muda gani kabla ya kukimbia. Niliandika kwenye daftari. Sekunde mbili na nusu. Mbili na nusu. Mbili na nusu tena. Nikadhani saa imeharibika. Kulikuwa na kipande kimoja cha mchezo ambapo wapinzani karibu wote walirudi nyuma, wakaja watatu tu, na wawili wao wakagongana wakaanguka. Hakukuwa na mtu wa kumgusa hata kwa dakika nzima. Na bado, sekunde mbili na nusu, huyo, Garrett akachomoka!

Nilikirudia kipande hicho mara nane. Mara ya tisa nikajikuta midomo yangu inatembea. Mississippi moja, Mississippi mbili, Mississippi tatu. Na kwenye hiyo tatu, mguu wake wa kulia ukatoka.

Unakumbuka sasa? Uani kwetu, ile sheria uliyoiweka siku ya kwanza ili asiumizwe na wakubwa: hakuna anayeruhusiwa kumvamia mrushaji mpaka Colette amalize kuhesabu Mississippi tatu. Ulinipa kazi hiyo kwa sababu sikutaka kucheza, na hukutaka nikae peke yangu barazani. Jina la mto liliwekwa ili kila namba ijae sekunde moja kamili. Lakini binamu Rusty alikuwa akinikaripia, "Wee, unahesabu au unasali?" nami kwa woga nikawa naharakisha, tatu zikaisha kwa sekunde mbili na nusu. Miaka saba, kila jioni ya kiangazi, nilimfundisha Garrett kwamba nikifika tatu anavamiwa. Mwili wake ulikariri. Sheria ilikuwa yako, Mjomba, lakini aliyeharakisha ni mimi.

Nilimwambia tukiwa tunaosha vyombo. Aliacha sahani ndani ya maji akanitazama.

"Kwa hiyo ni kosa lako."

"Na la Mjomba Emil."

"Huwa nasikia kitu kweli," akasema taratibu. "Sio sauti. Ni kama mtu ananisukuma mgongoni. Nilidhani ni uoga, Colette. Nilidhani mimi ni mwoga tu."

Hapo nililia kidogo, naye akanimwagia povu kichwani, tukacheka.

Kumwambia Kocha kulinishinda. Niliandika kila kitu kwenye karatasi, pamoja na zile namba, nikaibandika kwenye kasha la video, kisha nikapanda mnarani haraka kama paka. Haikupita robo saa nikamwona amesimama chini ameshika karatasi. Kocha Bellotti, mtu mwenye shingo kama nguzo ya umeme, anaogopa ngazi.

"Colette! Shuka!"

"Nakusikia vizuri tu hapa, Kocha."

"Mimi ndiye sikusikii! Hivi hii umeipata wapi?"

"Kwenye saa ya mayai."

Akasoma tena. Kisha akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Miaka ishirini na miwili nafundisha mpira, na kumbe jibu liko kwenye mayai!" Nilitamani upepo unibebe. Lakini nilifurahi, Mjomba. Sijui niseme vipi. Nilifurahi mpaka tumboni.

Dawa aliyoitoa Kocha ilikuwa ya nyumbani, kwa sababu alisema ugonjwa ulipatikana nyumbani. Kila jioni kwa wiki tano, baada ya chakula, familia nzima ilitoka uani na mifagio. Baba alisimama kushoto, Mama kulia, na Bibi alikaa mbele kwenye kiti chake cha kukunja, na ufagio wa kuchapia vifundo vya miguu. Mimi nilikwenda mpaka uzioni kuonyesha vidole. Garrett alitakiwa ashike mpira, anitazame mimi tu, ataje idadi ya vidole, na huku akipigwa mifagio huku na huku asishushe macho wala asikimbie. Aliruhusiwa hatua ndogo tu. Kocha alikuwa amemweleza kwamba ngome hubomoka kuanzia pembeni, kwa hiyo mlango wa salama mara nyingi uko mbele, hatua moja, hapohapo anapoogopa kwenda.

Mifagio aliizoea kwa siku tatu tu. Kazi ilikuwa pale ambapo hakuna aliyempiga. Kocha alisema mara nyingine tusimame kimya, tusifanye kitu, na Garrett asubiri. Hapo ndipo aliposhindwa. Alikuwa akichomoka peke yake uani, akimkimbia nani sijui, na Bibi akimfokea, "Rudi hapa, kuku wewe! Sijakugusa!" Majirani walitoka kutazama. Bwana Sloan alileta kiti.

Baada ya wiki ya tatu nikaona kitu kipya. Baba alikuja kwa nguvu kutoka kushoto, na Garrett, bila kumtazama, akasogea mbele nusu hatua, ufagio ukapita hewani, Baba akaenda kuanguka kwenye maua ya Mama. Garrett akasema, "Vidole vinne," kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama aliyasahau maua yake akapiga vigelegele.

Mechi ya Marlow ilichezwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa amepika pierogi zake za unga na viazi za kuuza kwenye kibanda cha wazazi akaunguza sufuria mbili, hivyo ndivyo alivyokuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa juu na kamera. Kipindi cha kwanza Garrett alikaa vizuri, akarusha bao moja. Halafu mwanzoni mwa kipindi cha pili akachomoka mara moja, ileile ya zamani, akaangushwa, mpira ukamtoka. Nikaona Kocha akimwita Kessler aanze kupasha mkono. Niliona kila kitu kutoka kule juu, na sikuweza kufanya lolote.

Kessler hakuvaa kofia yake mara moja. Alimwendea Garrett benchini akainama akamwambia jambo. Baadaye Garrett alinieleza lilikuwa hili: "Sikiliza, dogo. Mimi naitaka hii nafasi. Lakini siitaki hivi. Kaa humo ndani." Kocha akawatazama wote wawili, akampungia Garrett mkono arudi.

Mwishoni zilibaki sekunde kumi na tatu, tuko nyuma kwa alama nne ambazo bao moja lingezifuta, na yadi ishirini na tisa kufika mstari wa bao. Mpira ukamfika. Sekunde mbili na nusu zikapita, Mjomba, na miguu yake ilikuwa palepale. Tatu zikapita. Pembeni kushoto ngome ikaanza kubomoka, jitu la Marlow likaja, na Garrett akasogea mbele nusu hatua, macho juu, kama vile bado anatafuta vidole vyangu. Wa pili akaja kutoka mbele. Alimwona, najua alimwona. Akarusha hata hivyo, na wote wawili wakamfunika.

Kila anayepiga video anajua amri moja: fuata mpira. Kamera ikaacha mpira uende zake. Nilibaki nimeielekeza kwa mdogo wangu.

Kwa hiyo ushindi wetu dhidi ya Marlow, wa kwanza katika miaka tisa, hauna picha hata moja ya bao lenyewe. Binamu Rusty ndiye aliyeudaka mpira, kwenye kona, kwa vidole vya mkono mmoja, na hatanisamehe mpaka kiyama. "Maisha yangu yote nimedaka mpira mmoja wa maana," alinifokea mbele ya timu nzima, "na wewe ukapiga picha ya makalio ya Garrett!" Timu ikaanguka chini kwa kucheka, na mimi pia, mbele za watu wote.

Leo asubuhi Kocha alibandika majina mlangoni. Nafasi ni ya Garrett mpaka mwisho wa msimu, na Kessler ndiye atakayefanya naye mazoezi ya miguu kila siku.

Nakutumia video hiyo pamoja na barua hii. Usitafute bao, halimo. Utamwona Garrett amelala chali, kofia imekaa upande, majitu ya Marlow yakijiondoa juu yake. Hajui kilichotokea. Analala hivyohivyo akitazama mbingu, hainuki, anasubiri. Kisha jukwaa la upande wetu linalipuka, na utaona uso wake ukijua.

Wasalimie wenzako wa karakana, na yule Bwana Aleksi aliyekufundisha kukausha samaki. Huku wanakusalimu Mama, Baba, Bibi, ambaye anasema urudi Krismasi umkute bado ana ufagio, na Rusty, ingawa hasemi na mimi. Garrett anakusalimu kwa mdomo uliojaa chakula. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, aipashe moto nyumba yako, na akuletee kila mwaka jambo la kukuchekesha peke yako.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye sana,

Colette Hudak