Neno la Aliyeshika Kamba

Ballinree, Tipperary
2 Mei 1959

Shangazi mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio: kamba haikunichoponyoka. Niliiachia mwenyewe.

Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. U hali gani huko Liverpool? Kikohozi kimepungua? Masista wenzako hawajambo? Sisi huku wazima. Babu anakula vizuri, na baba ameandika kutoka Coventry kwamba bado wanajenga. Mimi, tangu nimalize shule, kazi yangu ni farasi, na ndiyo maana nakuandikia wewe uliyeifanya kabla yangu.

Tarehe nane Aprili Babu alimpeleka farasi wake Rehema Ndogo kwa lile dume la shamba kubwa, lenye kuandikwa magazetini. Unajua alivyoingoja siku ile. Jike lake sasa lina miaka kumi na sita. Limezaa madume matano, kisha miaka mitatu halikuzaa kitu, na madume Babu hawahesabu. Ushindi wa mbio za Curragh, anasema, ulitoka kwa mama: Mjane Mwekundu alimzaa Novena, Novena akamzaa Shukrani, Shukrani akamzaa Rehema Ndogo. Asipopatikana binti, mlango umefungwa.

Jumanne zilitimia siku ishirini. Babu alikuwa na mazishi, akaniachia mimi kumjaribu jike kwa Kasisi. (Kasisi ni farasi wetu wa mkokoteni, dume ambalo halijahasiwa. Jirani yetu Mattie Quirke ndiye aliyembatiza hivyo, kwa sababu hushuhudia ndoa zote za kijiji na mwenyewe haoi.) Babu alisema, "Akimpiga teke, ameshika mimba. Asipompiga, kesho tunamrudisha kwa dume. Basi. Hilo halihitaji cheti."

Hakumpiga teke, Shangazi. Alisimama kimya, akaweka kichwa chake juu ya ukuta, na Kasisi akampumulia shingoni taratibu kabisa. Majira haya peke yake nimemvuta Kasisi nikamwondoa kwa majike zaidi ya thelathini, kila mara akitetemeka. Nilimwonea huruma. Nikalegeza kamba ili amguse kidogo tu, kisha nikaiachia. Lango sikuwa nimelitia komeo. Alilisukuma kwa kifua akaingia. Ningeweza kupiga kelele. Nilisimama kama nguzo mpaka yakaisha.

Babu aliporudi aliniuliza akiwa bado na kofia mkononi, "Kapiga teke?"

Nikasema, "Kapiga, Babu."

Alinishika mashavu yote mawili. Tangu siku hiyo sili vizuri. Niambie nifanye nini.

Mtoto wako,
Dympna


Liverpool
11 Mei 1959

Mwanangu Dympna,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, kikohozi kimebaki cha kusumbua wengine tu wakati wa sala. Nilipofika kwenye jina la Kasisi nilicheka peke yangu chumbani, Mungu anisamehe. Nikaendelea kusoma, kicheko kikaisha.

Sikiliza. Kuna kosa la kamba na kuna kosa la teke. La kamba ni la huruma, na sikulaumu sana. Mimi nami niliwahi kushika kamba hiyo nikiwa na umri wako, nikilia. La teke ndilo litakalokula nyumba. Jike hakushika mimba ya dume kubwa, na wewe unajua. Babu yako hajui. Majira ya kupandisha yanakwisha katikati ya Julai. Ukimwambia leo, ataita daktari, watajua kama kuna kitu tumboni au hakuna, na pengine bado ipo nafasi moja. Kila wiki unayonyamaza unaila wewe nafasi hiyo.

Atafoka. Atatupa kofia. Mimi alinitupia kofia siku niliyomwambia naingia utawa, na hakusema nami mpaka nilipopanda meli. Lakini kofia haimuui mtu.

Mwambie jikoni, kabla hajanywa chai. Mimi siwezi kumwandikia kwa niaba yako. Kamba ilikuwa mkononi mwako.

Shangazi yako akuombeaye,
Sista Benigna


Ballinree
15 Agosti 1959

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Natumaini joto la huko halikusumbui. Huku mvua imeharibu nusu ya nyasi zetu.

Najua umeona tarehe juu ya barua hii na umeshaelewa. Sikumwambia.

Mara tatu nilijaribu. Mara ya kwanza chai ilikuwa tayari kikombeni. Mara ya pili Mattie aliingia. Mara ya tatu nilifungua mdomo, Babu akasema, "Sema, sauti yako siisikii siku hizi," nikamwuliza kama anataka mkate zaidi. Kisha Juni ikaisha, daktari wa mifugo akaja, akaingiza mkono, akasema, "Mzee Malachy, humu mna mtu."

Babu hakucheza, maana goti haliruhusu, lakini alilishika jike masikioni akaliimbia. Kesho yake kwenye foleni ya kiwanda cha maziwa kila mtu alijua.

Mattie akamtania, "Wewe mzee na jike lako mzee, mtazaa nini ninyi?"

"Tutazaa bingwa! Wewe endelea na nyumbu zako."

"Nyumbu wangu angalau wanajua njia ya kurudi nyumbani. Farasi wako wa mwisho uliyemkimbiza kwenye mbio za Thurles, mpaka leo hajafika."

Foleni nzima ilicheka, na Babu kuliko wote. Sijamwona akicheka hivyo tangu Bibi afe. Ningekikatizaje kicheko kile?

Nimehesabu. Mimba ya dume kubwa ingezaliwa katikati ya Machi. Ya Kasisi, mwanzoni mwa Aprili. Kila usiku naomba iwe Machi, ingawa najua nilichokiona.

Mtoto wako,
Dympna


Liverpool
Majilio, 6 Desemba 1959

Mwanangu,

Salamu katika Bwana. Mimi salama, ila mikono imepasuka kwa baridi na kufua mashuka ya wagonjwa, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Nilikukasirikia miezi mitatu, ndiyo maana umekaa bila jibu. Sasa nimepata barua ya baba yangu, babu yako, ya kwanza aliyoniandikia kwa mkono wake katika miaka kumi na mitano. Kurasa nne! Zote juu ya jike: anakula nini, tumbo limeshukaje, na jina amekwisha kulichagua, hataki kulitaja. Katika mstari wa mwisho anasema kwamba moyo wake umechoka na daktari amemkataza ngazi.

Nikiwa sista wa hospitali naujua moyo huo kuliko alivyouandika. Mwezi Mei nilikuambia sema. Leo nimekaa na kalamu tangu sala ya asubuhi na sijui nikuambie nini. Ukweli uliochelewa si dawa ile ile. Mlinde asipande ngazi. Na mimi sitaruhusiwa kuja, hata kwa mazishi. Ndiyo kanuni yetu. Kwa hiyo utakayoyaona, uyaone kwa macho yangu pia.

Shangazi yako,
Sista Benigna


Ballinree
22 Mei 1960

Shangazi mpendwa,

Natumaini simu ya maandishi ilikufikia, na kwamba walikuruhusu kumwashia Babu mshumaa mchana ule. Nimechelewa kuandika.

Machi ilipita bila kitu. Babu, kitanda chake kikiwa kimeshushwa sebuleni karibu na dirisha, alisema majike wazee hupitisha siku. Jumapili, tarehe tatu Aprili, kengele za misa ya kwanza zikilia, Rehema Ndogo alilala chini. Mattie ndiye aliyenisaidia. Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa na mabega mapana, tukavuta mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa jike, Shangazi. Alikuwa na miguu minne myeupe mpaka magotini na paji jeupe pana. Mama yake hana doa, dume la magazetini halina doa. Miguu hiyo na paji hilo ni vya Kasisi. Mattie alikuwa ameinama kwa mama, kwa sababu ufizi wa jike ulikuwa umegeuka mweupe kama karatasi. Alivujia damu ndani. Alimlamba mtoto mara mbili, akaacha. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa.

Nilimfunga mtoto bendeji miguu yote minne, nikampaka masizi ya jiko usoni. Mattie nilimwambia mishipa ya mtoto milegevu. Sijui kama aliamini. Alikuwa akilia.

Babu alikuwa amekwisha kuambiwa juu ya mama. Nilimleta mtoto dirishani nimemkumbatia. Babu alifuta kioo kwa mkono wa shati.

"Mbona amevaa soksi?"

"Mishipa yake milegevu, Babu."

"Hata mama yake alizaliwa hivyo," akasema. Sidhani kama ni kweli.

Akaanza kuwataja. Mjane Mwekundu alimzaa Novena, Novena akamzaa Shukrani, Shukrani akamzaa Rehema Ndogo, kisha akamaliza: Rehema Ndogo akamzaa Nano. Jina lako la ubatizo, Shangazi. Alisema lilikaa bure tangu ulipoliacha mlangoni mwa nyumba ya masista.

Kisha akaniomba ile karatasi ya kumwandikisha mtoto katika kitabu cha nasaba, na kalamu. Aliandika upande wa mama bila kusita. Alipofika upande wa baba alisimamisha kalamu, akaniambia kwa sauti ile ya kazi, "Mama tunamwona kwa macho. Baba ni neno la aliyeshika kamba. Kitabu chote kile, tangu kianze, kimesimama juu ya watu kama wewe. Niandike?"

Hapo ningeweza kusema. Alikuwa akinitazama moja kwa moja, na mtoto alikuwa akininyonya kidole.

Nikasema, "Andika, Babu."

Akaandika, akatia sahihi, akanipa niiposti. Alikufa Jumatano ya Juma Kuu, akiwa amelala, uso umetulia kabisa.

Siku ya maziko watu wote walinipa mkono na kuniambia nasaba imeokoka. Jioni, wageni walipokuwa wakila mkate na nyama baridi, niliitoa karatasi chini ya godoro langu. Neno lile nilimpa Babu, nisingeweza kukipa kitabu. Nikaitia kwenye moto wa jiko, chini ya birika. Ilikunjamana kwanza upande wa sahihi yake.

Siku ya mwisho ya kuipeleka ilipita wiki iliyopita. Mattie aliniuliza mbele ya foleni nzima ya maziwa, "Karatasi ya Malachy uliipeleka?" Nikasema nilisahau. Akasema, "Vizazi vitano, msichana. Vizazi vitano, na wewe umesahau." Hakuna aliyecheka. Baba naye ameandika kutoka Coventry, mistari miwili tu, sitaki kukunakilia. Nano hatakimbia popote, na binti zake hawataandikwa. Akikua atavuta mkokoteni wa maziwa pamoja na Kasisi, baba yake. Anakunywa maziwa ya mbuzi kwa chupa na anapiga mateke kila mtu isipokuwa mimi.

Shangazi, waache waseme mimi mpumbavu, nimezoea kunyamaza. Baba akikuuliza, mwambie Dympna ni msahaulifu tangu utotoni. Lakini kwamba Babu aliniuliza na mimi nikasema andika, hilo tunalijua mimi na wewe tu. Usimwambie mtu, hata kwa nia njema, hata mimi nikifa kabla yako. Barua hii uichome.

Mtoto wako,
Dympna