Lami ya Nchi ya Baridi

Jumatatu, 3 Februari
Mume wangu! Kila nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mwehu. Leo amerudi ananuka lami na jasho; nimemkumbatia hivyo hivyo. Ndiye mpimaji wa lami kwenye barabara mpya, ile inayoteremka mlima hadi mtaani kwetu. Nyeusi, inang'aa — najivuna utadhani nimeitandaza mimi!

Alhamisi, 6 Februari
Joto halisemeki. Kipenzi changu hali chakula vizuri. Nimembembeleza mpaka akasema. Kipimo cha kuchanganyia lami kampuni yao ilikinakili kwenye kazi yake nyingine, nchi ya milimani yenye baridi kali. Kule huweka lami laini isije ikapasuka. Huku kwenye joto ilitakiwa ngumu. Waliitandaza wakati wa ubaridi, ikaonekana safi. Alipomwambia msimamizi, jamaa akacheka: bwana harusi, joto hilo umetoka nalo chumbani kwako! Nilicheka na mimi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Februari
Tumetembea barabarani tumeshikana mikono. Raha! Lakini kwenye kona ya mteremko, malori yanapofunga breki, lami imejikunja kama shuka. Magurudumu yamechimba mifereji. Mume wangu akainama, akabonyeza kwa kidole gumba. Kikazama. Njia nzima alikuwa akikifuta kidole kwenye suruali.

Jumatatu, 10 Februari
Wamemwaga mchanga juu ya lami, basi! Msimamizi ametangaza: atakayesimamisha gari, kazi hana. Jioni mume wangu akasema, "Mke wangu, wazazi wakija keshokutwa, waambie wapite njia ya zamani; kwenye joto hili, gari zito likifunga breki pale konani lami itateleza nalo." Anavyowapenda wakwe zake! Nikambusu. Halafu, nikiosha vyombo — je, wazazi wa wengine?
Nimemuuliza. Amevaa viatu, ametoka kwenda kuitazama tena kona.

Jumatano, 12 Februari
Saa sita. Jua la kuchoma. Mama amepiga simu yuko ndani ya basi, anachekelea: "Njia ya zamani ya nini, mwanangu? Tunapita barabara ya mkwe wetu!"
Mume wangu amevuta kitambaa chekundu mezani, vikombe chini, mbio!
Namwona kutoka mlangoni. Yuko katikati ya barabara, juu ya kona, anapunga. Lori limesimama. La pili pia. Jamani, nampenda!
Mama hapokei tena.
Msimamizi amefika na gari lake. Wanafokeana. Amemnyang'anya kitambaa — anayapungia malori yapite.
La kwanza linaanza kuteremka. Nyuma ya la pili, paa la basi.