Umeacha Draiva za Printa ya Zamani

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Usiguse kompyuta kabla hujasoma hapa mpaka mwisho.

Uliniapia kwamba printa ya zamani umeiondoa. Umeondoa nini? Umefuta kile kijipicha chake tu, draiva zote, zile programu za kuiendesha, umeziacha humo humo. Umekata tawi, mizizi umeibakiza! Asubuhi nimebonyeza ichapishe, printa mpya kimya. Nikabonyeza tena. Na tena. Kumbe barua yangu inatokea ghorofani kwa mama yako, maana ulimpa ile ya zamani bila kuikata kwenye mtandao wetu.

Ndiyo, barua ya kuomba kupanga ile nyumba karibu na kazini kwangu. Ile niliyoandika, "mama mkwe wangu huhesabu hata vijiko vyangu." Nakala tatu! Ameshuka nazo, miwani puani, akanikabidhi bila hata salamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa leo hii ondoa printa yenyewe, kisha draiva zake na mafaili yake yote, zima kompyuta uwashe, ndipo uweke draiva za hii mpya. Ukikwama, ~~muulize mama yako~~ mwite fundi. Na usiniambie "nitafanya kesho." Kesho yako naijua.

Nikitoka kazini napitia kuiona nyumba.

Mama yako tunakwenda naye. Amesema chumba chake kisiwe mbali na jiko.

Mama Watoto