Anayekuja Kwako ni Katana

Mayo, mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepungua kuuma? Mvua imefika huko Ganze? Sisi huku Mjambere, Kisauni, tungali hai, na safari hii nalisema neno hilo kwa kutetemeka.

Uliniagiza nimlete binti yangu Sidi kwako, ukisema Kisauni si mahali pa kulelea msichana. Sidi haji. Nisikilize kwanza.

Jumamosi mchana vijana wenye mapanga walivamia mtaa wetu, nyuso wamezifunga vitambaa, wakipora simu na kukata watu ovyo. Fundi cherehani, jirani yetu, walimpasua bega. Sidi alikuwa mlangoni anakaanga viazi. Akamtambua mmoja wao kwa mwendo, akalia, "Katana! Ndugu yangu!" Kwa kumtaja tu, kijana mwingine akamkata mkono. Damu ikaruka hadi kwenye karai la mafuta. Katana akatupa panga akamshika dadake, wenzake wakatimka, na watu wakamkuta papo hapo. Mawe, marungu, matofali! Tairi likaletwa wamchome. Nilimlalia mwanangu Katana nikapigwa mimi, mpaka mzee wa mtaa akawasihi wamwache.

Tuliporudi kutoka hospitali, baba yao akavua mshipi. Unadhani kwa Katana? Kwa Sidi! Eti kamuaibisha ndugu yake mbele za watu. Mtoto ana nyuzi mkononi, mama! Huyu akichelewa kisimani huulizwa alikuwa na nani. Katana alipobaleghe alipewa chumba cha nje chenye mlango wake, kama desturi yetu, na hakuna aliyemuuliza arudi saa ngapi. Nikashika mchi. "Charo, mguse nikupasue kichwa." Akakaa.

Katana lazima aondoke kesho, la sivyo watu watammaliza. Anakuja kwako. Najua utataka kumjengea kibanda cha kivulana. Usithubutu! Alale chumbani mwako. Achote maji, atwange mahindi, na akitoka aseme aendako. Akikujibu kuwa yeye ni mwanamume, mwambie nimesema mimi.

Nisalimie shangazi msusi wa makuti, na mjomba mgema, umwambie apunguze kuonja.

Sidi hajapata nguvu ya kusalimia mtu. Amenituma neno moja tu: Katana akifika, asipigwe.

Mwanao akupendaye,
Kadzo